Kuamsha Mashine Bondeni: Historia ya Butiloda za Linux Ikitazamwa Kutoka Ifakara

Kompyuta inapowashwa huwa haina mfumo wowote katika kumbukumbu yake ya kazi, hivyo jambo la kwanza linalotakiwa kufanyika ni kwa programu ndogo sana kuitafuta programu kubwa, kuipakia, na kuikabidhi mashine. Programu hiyo ndogo, ambayo mafundi huiita butiloda, wakikiita kitendo kizima kubuti, hufanya kazi yake kwa sekunde chache na kujiondoa, na kwa sababu hiyo watumiaji wengi hawajui kwamba ipo mpaka siku inapoharibika na mashine yote, pamoja na kila kilichohifadhiwa ndani yake, ikawa haifikiki. Makala haya yanafuatilia historia ya butiloda za mfumo endeshi wa Linux kwa kuitazama kutoka Ifakara na Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, mahali ambapo mambo matatu yamekutana kwa namna isiyo ya kawaida: takwimu za thamani kubwa zilizokusanywa kijijini kwa miongo mingi, umeme unaokatika ingawa mitambo mikubwa ya kuuzalisha iko jirani, na umbali unaoufanya msaada wa kitaalamu uchelewe kufika. Hoja inayotetewa ni kwamba historia ya butiloda ni historia ya nani ana uwezo, na nani ana ruhusa, ya kuiamsha mashine pale pale ilipo.

Bonde, maabara na kumbukumbu za watu

Bonde la Kilombero limelala kati ya milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini-mashariki, na mto unaolipa jina hufurika kila masika na kugeuza sehemu kubwa ya uwanda kuwa maji. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kuanzia mwaka 1970 hadi 1975, ililiunganisha bonde na Dar es Salaam kupitia stesheni za Ifakara na Mlimba, lakini wilaya ya Ulanga iliyo ng'ambo ya mto iliendelea kufikiwa kwa kivuko hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 2018. Mazingira hayo ya maji na mbu ndiyo yaliyomvutia Rudolf Geigy, mkurugenzi wa Taasisi ya Magonjwa ya Tropiki ya Uswisi iliyoko Basel, ambaye alifika Ifakara mwaka 1949 na kuweka msingi wa maabara ya utafiti ambayo ilikua katika miaka ya 1950, ikaongezewa kituo cha mafunzo ya wahudumu wa afya vijijini mwaka 1961, ikawa taasisi ya Kitanzania chini ya bodi ya wadhamini mwaka 1996, na tangu mwaka 2008 inajulikana kama Taasisi ya Afya Ifakara.

Mwaka huo wa 1996 ulikuwa pia mwaka ambao kituo kilianza kufuatilia watu na afya zao kwa utaratibu wa kudumu, ambapo wahoji walipita kaya kwa kaya katika vijiji 25 vya wilaya za Kilombero na Ulanga, kisha wakarudi kila baada ya miezi minne kuandika nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehamia na nani ameondoka. Madodoso ya karatasi yaliingizwa kwenye kompyuta kwa kutumia mfumo wa kusajili kaya uitwao HRS, ambao ulitokana na kazi ya kituo cha utafiti cha Navrongo nchini Ghana na uliandikwa kwa programu ya hifadhidata ya FoxPro iliyotumika kwenye mashine za kawaida za ofisini. Thamani ya kumbukumbu hizo ilionekana mwaka 2001, pale watafiti walipoonyesha, kwa kutumia takwimu za bonde, kwamba matumizi ya chandarua chenye dawa yaliambatana na ongezeko la asilimia 27 la uwezekano wa kuishi kwa watoto wa umri wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne. Matokeo ya aina hiyo hayapatikani kwa hesabu ya siku moja. Yanahitaji rekodi ya kila mtu iunganishwe na rekodi zake za miaka iliyopita bila mnyororo kukatika, na ndiyo maana diski inayobeba rekodi hizo, na uwezo wa kuifungua kila asubuhi, ni sehemu ya utafiti wenyewe kama ilivyo sindano na darubini.

Mashine kabla ya Linux

Ifakara iliingia katika zama za kompyuta ikiwa ndani ya nchi iliyokuwa na historia ngumu na mashine hizo. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania, aina ya ICT 1500, ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na kufikia mwaka 1974 zilikuwa saba tu nchi nzima. Mwaka huo huo serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, televisheni na vifaa vinavyoambatana navyo, na marufuku hayo yalilegea hatua kwa hatua kadiri biashara ilivyofunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980. Kizazi hicho cha kwanza cha mashine kilihudumiwa na waendeshaji waliofundishwa kazi hiyo mahususi, na kuiamsha mashine kulikuwa wajibu wao: mwendeshaji aliweka kadi zenye matundu au tepu kwenye kisomeo, akabonyeza kitufe, na maelekezo machache ya kwanza yakaingia katika kumbukumbu ili yalete mengine. Marufuku ya mwaka 1974 yalikuwa na athari isiyozungumzwa sana, nayo ni kwamba kizazi kizima cha mafundi ambao wangejifunza kwa kuzishika mashine hizo na kuziona zikigoma hakikuzaliwa, hivyo kompyuta ndogo zilipoanza kuingia kwa wingi nchini zilikuta maofisi mengi yenye watumiaji lakini yasiyo na warekebishaji.

Kompyuta ndogo zilizoingia zilifuata muundo uliowekwa na kampuni ya IBM mwaka 1981, na muundo huo ndio uliotawala namna ya kubuti kwa miaka 30 iliyofuata. Ndani ya mashine kulikuwa na programu ya kudumu iitwayo BIOS, iliyoandikwa kwenye chipu ya ubao mkuu, ambayo ilikagua maunzi, kisha ikasoma sekta ya kwanza ya diski, yaani kipande cha mwanzo kabisa chenye baiti 512, na kuikabidhi mashine kwa chochote ilichokikuta humo. Kuanzia mwaka 1983, diski ngumu zilipopata utaratibu wa kugawanywa katika sehemu ziitwazo patisheni, baiti hizo 512 ziligawanywa zenyewe: 446 zilitengwa kwa ajili ya maelekezo ya kuanzia, 64 zikabeba jedwali la patisheni nne, na mbili za mwisho zikawa alama ya kuthibitisha kwamba sekta hiyo inafaa kubutiwa. Historia yote ya butiloda za Linux, hadi muongo wa pili wa karne hii, ni historia ya watu waliojaribu kufanya mambo makubwa ndani ya nafasi ya baiti 446.

LILO na herufi zake nne

Linux ilipotolewa na Linus Torvalds mwaka 1991 haikuwa na butiloda inayojitegemea. Kerneli, yaani kiini cha mfumo kinachosimamia kumbukumbu, diski na programu nyingine zote, iliandikwa moja kwa moja kwenye flopi na kubuti kutoka humo. Mwaka 1992 Werner Almesberger alianza kutengeneza LILO, programu iliyokaa kwenye sekta ya kwanza ya diski na kumwezesha mtumiaji kuchagua kati ya Linux na mfumo mwingine, na kwa karibu miaka kumi LILO ndiyo iliyoamsha mashine nyingi za Linux duniani. Kwa kuwa nafasi ya baiti 446 haikutosha kuweka maarifa ya kusoma majina ya mafaili, LILO ilitumia njia ya mkato: fundi alipoisimika, ilirekodi namba za vipande vya diski ambamo kerneli ilikuwa imeandikwa, na wakati wa kubuti ilivifuata vipande hivyo kwa namba, mfano wa mgeni aliyeelekezwa nyumba kwa kuhesabiwa hatua badala ya kutajiwa jina la mwenye nyumba. Kerneli ilipobadilishwa au kuhamishwa, hata ndani ya diski ile ile, hesabu ile ikawa haina maana, na fundi aliyesahau kuiendesha tena amri ya lilo kabla ya kuzima mashine alikuta asubuhi haiamki.

Hata hivyo LILO iliacha urithi mmoja ambao unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu unaonyesha jinsi programu yenye nafasi finyu inavyoweza kumhudumia fundi aliye mbali na msaada. Kila ilipokamilisha hatua moja ilichapisha herufi moja ya jina lake kwenye skrini, na idadi ya herufi zilizoonekana kabla ya mashine kuganda ilikuwa taarifa kamili ya ugonjwa. Skrini isiyo na herufi hata moja ilimaanisha kwamba LILO haikuanza kabisa. Herufi L pekee, ikifuatwa na namba za makosa, ilimaanisha kwamba sehemu ya kwanza imepakiwa lakini imeshindwa kuisoma ya pili, jambo lililoashiria diski mbovu au vipimo vya diski vilivyopotoka. LI ilimaanisha kwamba sehemu ya pili imefika lakini imeshindwa kuendeshwa. LIL ilimaanisha kwamba jedwali la vipande halisomeki, na LIL yenye kistari mwishoni ikamaanisha kwamba jedwali limesomeka lakini limeharibika. Fundi aliyekuwa na karatasi yenye maelezo hayo, flopi ya kubutia, na ujuzi wa kuiunganisha patisheni kuu chini ya saraka ya /mnt kisha kuendesha amri ya lilo -r /mnt, aliweza kuiponya mashine bila kumpigia mtu simu na bila kuibeba kwenda mjini.

Kikwazo kingine cha zama hizo kilitokana na BIOS yenyewe, ambayo katika matoleo ya zamani haikuweza kufika mbali zaidi ya silinda 1,024 za diski, silinda zikiwa ni duara za kufikirika ambazo diski ilihesabiwa kwazo. Diski zilipokua kuliko kiasi cha gigabaiti nane, kerneli iliyoandikwa mbele ya mpaka huo haikuweza kupakiwa ingawa diski ilikuwa nzima, na mafundi wakajifunza kutenga patisheni ndogo ya /boot mwanzoni mwa diski ili kerneli isivuke mpaka. Desturi hiyo iliendelea kufundishwa miaka mingi baada ya sababu yake kutoweka.

GRUB na uwezo wa kuuliza

Mwaka 1995 Erich Boleyn, akiwa na lengo la kuubuti mfumo wa GNU Hurd, alianza kuandika GRUB, na mwaka 1999 Gordon Matzigkeit na Yoshinori Okuji waliifanya kuwa programu rasmi ya mradi wa GNU. Tofauti yake kubwa na LILO ilikuwa kwamba GRUB ilijifunza kusoma mfumo wa mafaili wenyewe: sekta ya kwanza ilibeba kipande kidogo tu, kipande hicho kikaita sehemu kubwa zaidi iliyofichwa katika nafasi tupu kati ya sekta ya kwanza na mwanzo wa patisheni ya kwanza, na sehemu hiyo ikaweza kufungua saraka, kutafuta faili kwa jina, na kusoma menyu iliyoandikwa na msimamizi. Kwa hiyo kerneli iliweza kubadilishwa bila butiloda kusimikwa upya, na jambo kubwa zaidi, fundi alipewa mahali pa kuandikia amri kabla mfumo wowote haujaamka. Red Hat Linux ilifanya GRUB kuwa butiloda yake ya kawaida mwaka 2001, na toleo lililoandikwa upya, GRUB 2, lilipokewa na Ubuntu, mfumo mwingine wa Linux, mwaka 2009 na kufikia namba 2.00 mwaka 2012, huku LILO ikiacha kuendelezwa mwishoni mwa mwaka 2015.

Namna ya kutafuta tatizo katika zama za GRUB inafuata mnyororo ule ule wa makabidhiano, na fundi mzoefu hujiuliza kwanza mnyororo umekatika wapi kabla ya kugusa chochote. Ikiwa mashine inalalamika kwamba haioni diski ya kubutia, basi GRUB bado haijahusika, na sababu huwa ni waya wa diski, diski yenyewe, au betri ndogo ya ubao mkuu ambayo ikiisha huifanya BIOS isahau saa na mpangilio wa diski. Ikiwa GRUB inaonekana lakini kwa sura yake ya uokoaji, yaani mstari mtupu unaosubiri amri bila menyu yoyote, basi kipande cha kwanza kimesalimika lakini hakiioni patisheni yenye mafaili mengine, jambo ambalo hutokea mara nyingi baada ya patisheni kufutwa, kupanuliwa au kuhesabiwa upya. Hapo amri ya ls huorodhesha diski na patisheni kwa majina kama (hd0,msdos1) au (hd0,gpt2), na fundi huzikagua moja moja mpaka apate ile yenye saraka ya /boot/grub; kisha huandika set root=(hd0,msdos1) na set prefix=(hd0,msdos1)/boot/grub, akapakia moduli kwa insmod normal, na akaandika normal, na menyu ikarudi. Uponyaji huo ni wa mara moja tu, hivyo mfumo ukishaamka ni lazima kuendesha grub-install kwa diski inayohusika na update-grub ili mabadiliko yaandikwe kwa kudumu.

Ikiwa menyu inaonekana lakini kerneli inasimama kwa kukosa patisheni kuu, tatizo limesogea hatua nyingine mbele: huenda kitambulisho cha patisheni kilichoandikwa kwenye menyu hakilingani tena na patisheni iliyopo, au faili la initramfs, yaani mfumo mdogo wa muda unaobeba viendeshi vya diski, limeandikwa nusu kwa sababu umeme ulikatika wakati wa kusasisha. Katika hali hiyo kuchagua kerneli ya zamani kutoka kwenye menyu huwa ndiyo njia fupi, na msimamizi anayefuta kerneli zote za zamani ili kuokoa nafasi hujinyima njia hiyo.

Umeme wa Kidatu na seva inayosubiri

Hakuna sehemu ya historia hii inayoligusa bonde kwa karibu kuliko uhusiano wa butiloda na umeme. Mtambo wa Kidatu, uliojengwa kwenye Mto Ruaha Mkuu mahali unaposhukia uwanda wa Kilombero, ulianza kuzalisha mwaka 1975 na baada ya awamu ya pili ukafikia megawati 204. Mtambo wa Kihansi, kwenye ukingo wa Udzungwa, ulianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1990 ukiwa na megawati 180. Kwa miaka mingi mitambo hiyo miwili ilikuwa nguzo ya gridi ya taifa, lakini ukaribu wake haukuwapa wakazi wa bonde umeme wa uhakika, kwa kuwa ukame wa mwaka 2006 na wa mwaka 2011 ulileta mgawo nchi nzima, na kwa kuwa miji iliyo mwishoni mwa nyaya ndefu za usambazaji hukatikiwa na umeme mara nyingi kuliko iliyo karibu na vituo. Ujenzi wa kituo cha kupoza umeme cha Ifakara katika miaka ya 2020 ulikusudiwa kupunguza adha hiyo kwa wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi.

Umeme unaokatika mara moja kwa siku una madhara. Umeme unaorudi kwa dakika moja kisha ukakatika tena una madhara makubwa zaidi, kwa sababu huikuta mashine ikiwa katikati ya kubuti. Katika matoleo ya mwanzo ya Ubuntu yaliyotumia GRUB 2, butiloda iliweka alama mwanzoni mwa kila jaribio la kubuti na kuifuta baada ya mfumo kuamka kikamilifu, na ikikuta alama ya jaribio lililopita bado ipo, ilionyesha menyu na kusubiri mtu abonyeze kitufe, bila kikomo. Kwa mtu mwenye kompyuta ya mezani utaratibu huo ulikuwa wa hekima, kwa kuwa ulimpa nafasi ya kuchagua kerneli nyingine. Kwa seva iliyofungiwa kwenye chumba kisicho na skrini wala kibodi, katika mji ambao umeme hurudi saa nane usiku, ulimaanisha kwamba mashine nzima isiyo na kasoro yoyote ilikaa kimya mpaka mtu afike. Suluhisho lilikuja kwa njia ya mpangilio uitwao GRUB_RECORDFAIL_TIMEOUT, ambao huandikwa kwenye faili la /etc/default/grub pamoja na idadi ya sekunde za kusubiri, na ambao huanza kufanya kazi baada ya update-grub kuendeshwa.

Mstari huo mmoja una funzo la kihistoria ambalo vitabu vya mwongozo hulipita. Waandishi wa butiloda walikuwa wamejenga dhana ndani ya programu yao, kwamba kushindwa kubuti ni jambo adimu na kwamba mtu yuko mbele ya skrini linapotokea, na dhana hiyo ilikuwa kweli mahali walipoishi. Mahali ambapo kukatika kwa umeme ni jambo la kila wiki, msimamizi hana budi kuusoma mpangilio wa kawaida kama maoni ya mtu wa mbali, akaupima kwa hali ya kwake, na kuubadilisha.

Takwimu za Namawala katika mashine za dunia

Wakati mafundi wa bonde walipokuwa wakipambana na umeme, takwimu za bonde lenyewe zilikuwa zimesafiri na kuingia katika mashine za Linux za nchi nyingine. Utafiti wa mbu na maambukizi ya malaria uliofanyika mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika kijiji cha Namawala, magharibi ya Ifakara, ulipima ni mara ngapi mtu huumwa na mbu mwenye vimelea katika kila majira ya mwaka, na vipimo hivyo vilitumika, pamoja na vya kijiji jirani cha Idete, kutengeneza kielelezo cha kihesabu cha malaria ambacho Taasisi ya Uswisi ilikichapisha mwaka 2006 na baadaye kukitoa kwa jina la OpenMalaria, kikiwa na msimbo ulio wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha. Idete ilikuwa tayari imejulikana kwa jaribio la chanjo ya SPf66 lililowahusisha watoto 586 na kuchapishwa mwaka 1994.

Hesabu za kielelezo hicho zilikuwa nyingi kupita uwezo wa taasisi moja, hivyo kupitia mpango wa Africa@home, ulioanzishwa mwaka 2006 kwa ushirikiano na kituo cha CERN cha Geneva, ziligawiwa kwa watu wa kujitolea ulimwenguni kote, ambao kompyuta zao, zikiwamo nyingi za Linux, zilifanya hesabu nyakati ambazo hazikuwa na kazi nyingine, na mradi huo wa malariacontrol.net uliendelea hadi mwaka 2016. Hivyo ndivyo majira ya masika ya kijiji kimoja cha Kilombero yalivyohesabiwa upya mara nyingi ndani ya vyumba vya watu ambao hawajawahi kuliona bonde, na hilo liliwezekana kwa sababu kila kiungo cha mnyororo, kuanzia butiloda na kerneli hadi kielelezo chenyewe, kinaweza kunakiliwa na kuamshwa popote bila kuomba kibali.

Uwazi huo ulionekana pia ndani ya nchi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, na kuanzia mwaka huo hadi 2011 waandaaji wa Ubuntu walituma diski za kusimikia bila malipo kwa njia ya posta kwa yeyote aliyeomba duniani. Diski hizo zilikuwa na faida ambayo haikutangazwa: nyingi zilikuwa vyombo vya uokoaji, kwa kuwa zilibuti mfumo kamili bila kugusa diski ngumu, na fundi aliyekuwa nazo aliweza kuingia ndani ya mashine iliyogoma na kuisimika GRUB upya.

Sahihi, kufuli na haki ya kuamsha

Muundo wa mwaka 1981 ulianza kuondoka jukwaani kampuni ya Intel ilipobuni utaratibu mpya ambao tangu mwaka 2005 unasimamiwa na muungano wa makampuni kwa jina la UEFI. Badala ya baiti 446, UEFI husoma patisheni maalumu yenye mafaili ya kawaida, kila mfumo ukiwa na saraka yake, na orodha ya mifumo huhifadhiwa kwenye ubao mkuu wenyewe. Kwa fundi mabadiliko hayo yalirahisisha mengi, kwa kuwa butiloda iliyoharibika sasa ni faili linaloweza kunakiliwa kutoka flashi, na kwa amri ya efibootmgr mpangilio wa kubuti huonekana na kubadilishwa ndani ya Linux.

Pamoja na urahisi huo ulikuja ulinzi wa sahihi, ulioenea kuanzia mwaka 2012, ambao huifanya mashine ikatae butiloda yoyote isiyotiwa sahihi na ufunguo unaotambuliwa, na kwa kuwa ufunguo uliowekwa viwandani ulikuwa wa Microsoft, mifumo ya Linux ililazimika kutumia kipande cha kati kiitwacho shim, kilichotiwa sahihi na Microsoft, ambacho nacho huithibitisha GRUB. Lengo lilikuwa jema, yaani kuzuia programu hasidi kujipenyeza kabla ya mfumo kuamka, lakini mnyororo wa makabidhiano ulipata kiungo kilicho nje ya mikono ya mwenye mashine. Julai 2020, kasoro ya kiusalama ya GRUB 2 iliyoitwa BootHole ilipotangazwa, masasisho yaliyotolewa haraka kuiziba yaliziacha baadhi ya seva za Linux zikishindwa kubuti, na wasimamizi wakajifunza tena kutosasisha mashine zote kwa siku moja.

Kufuli hilo limefika hadi mikononi mwa wakazi wa kawaida, kwa kuwa simu na vishikwambi vya Android, ambavyo vimechukua nafasi ya madodoso ya karatasi katika tafiti nyingi za afya, vinaendeshwa na kerneli ya Linux na vina butiloda zao ambazo kwa kawaida hufungwa kiwandani. Fundi simu anayepokea simu iliyoganda kwenye logo anakabiliana na tatizo lile lile la mnyororo uliokatika, na kazi anayoiita kuflashi ni kuandika upya mafaili ya kuanzia, lakini anaifanya kwa kiasi kile tu ambacho mtengenezaji amemruhusu. Kufuli humlinda mwenye simu iliyoibwa na humlinda mgonjwa ambaye siri zake zimo ndani ya kishikwambi cha mhoji, na faida hiyo isidharauliwe. Hata hivyo ulinzi unaomzuia mwizi na mwenye mali kwa pamoja unapaswa kuhojiwa, hasa mahali ambapo kutupa kifaa na kununua kingine si jambo jepesi.

Kutoka herufi nne za LILO hadi amri za GRUB, mwelekeo wa miaka 20 ya mwanzo ulikuwa wa kumsogezea fundi maarifa na uwezo mahali alipo. Katika miaka iliyofuata uwezo umeongezeka huku ruhusa ikipungua. Kwa hiyo taasisi inayotunza kumbukumbu za vizazi na vifo vya watu wa bonde ina wajibu wa kuhakikisha kwamba nenosiri la UEFI, funguo za sahihi na flashi ya uokoaji viko mikononi mwa watu wake wenyewe, kwamba angalau wafanyakazi wawili wamewahi kuisimika GRUB upya kwa mikono yao, na kwamba hatua zote zimeandikwa kwa Kiswahili chepesi na kuchapishwa kwenye karatasi, kwa sababu siku mashine inapogoma ndiyo siku ambayo maelekezo yaliyohifadhiwa ndani yake hayasomeki.